Jinsi ya Kutembezwa na Mbwa Wako Kwenye Theluji

Kwanza kabisa tuelewane nani anamtembeza nani. Wakati wa joto unaweza kudhani kamba umeishika wewe. Subiri Desemba. Hapa Minneapolis jua linazama saa kumi na nusu jioni, njia za waenda kwa miguu zimeganda, upepo unashuka kutoka Kanada bila kupiga hodi, na wewe umejikunja kwenye kochi, blanketi limekufika kidevuni. Mlangoni amesimama mbwa. Mkia unapiga ukuta. Anakutazama, anautazama mlango, anakutazama tena. Hapo ndipo mwenye mamlaka ndani ya nyumba anapojulikana, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule mwingine.

Umeandikwa zaidi kwa ajili yetu tuliokulia Mombasa, Kisii, Morogoro au Bukavu, tukaja kukaa Minnesota, na siku moja watoto wakaomba mbwa. Nyumbani mbwa alikuwa mlinzi wa usiku. Hakuna aliyemtembeza, alijitembeza. Hapa watoto waliapa kwamba watamtoa wenyewe asubuhi na jioni, mvua inyeshe, theluji ianguke. Watoto hao sasa hivi wamelala fofofo, na mbwa amekuchagua wewe. Usinung'unike. Watu wengi katika mji huu wanalipia pesa kwenye kumbi za mazoezi kupata kile ulichopewa bure: mtu wa kukutoa nje kila siku, kwa furaha, asiyekubali udhuru hata mmoja.

Anza kwa kuacha kumwonea huruma pasipostahili. Wewe ukitoka kwenye baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri unahisi umeonewa. Yeye anahisi dunia hatimaye imepata akili. Mbwa hatoki jasho la kumpoza isipokuwa kidogo nyayoni. Joto analitoa kwa kuhema, ulimi nje. Akiwa mzima kabisa, mwili wake una joto la nyuzi 38 hadi 39 na ushee, joto ambalo wewe ungekimbilia nalo hospitali. Mwezi wa Julai akikimbia kidogo tu anatafuta kivuli na kujilaza. Januari hewa yenyewe inampoza, kwa hiyo anakimbia mpaka roho iridhike. Ndiyo maana theluji ya kwanza ikishuka utamwona anainamisha kifua, anainua makalio, kisha anafyatuka na kuuzunguka uwanja mzima, mara moja, mara mbili, mara nne, bila sababu nyingine isipokuwa raha. Mwache amalize. Usimwite, usimpigie mluzi, usiangalie saa. Ni katika mambo mazuri utakayoyaona mwaka mzima, nayo yanaisha upesi.

Je, miguu haimgandi? Mwaka 2011 watafiti wa Japani wakiongozwa na Hiroyoshi Ninomiya walichunguza nyayo za mbwa na kukuta kwamba mishipa inayoleta damu ya moto imezungukwa na vena ndogondogo zinazorudisha damu iliyopoa. Damu hizo mbili zinapopishana ni sawa na watu wawili waliolala kitanda kimoja usiku wa baridi: mwenye joto anampasha yule aliyetoka nje. Damu inayorudi mwilini inakuwa imeshapata moto, na wayo wenyewe haugandi upesi. Wewe huna mtambo huo. Una soksi. Vaa za sufu.

Binadamu wa Minneapolis wamehangaika sana kukikimbia kitu ambacho mbwa anakililia. Tangu 1962 wamekuwa wakijenga madaraja ya vioo juu ya barabara, yanayounganisha jengo na jengo, hata mtu akaweza kufika kazini, benki na mgahawani bila kuvaa koti. Ni uhandisi mzuri na siudharau. Lakini mtazame anayepita humo saa sita mchana mwezi wa Februari, mabega yameshuka, macho kwenye simu. Kisha mtazame mtu anayevutwa na mbwa kuzunguka ziwa, machozi ya baridi yanamtiririka, pua haimtii, anacheka peke yake. Mimi najua niko upande gani.

Hata hivyo, mbwa si mmoja. Husky wa Siberia, malamute wa Alaska na samoyed wamevaa makoti mawili: la ndani laini na zito la kushika joto, la nje refu na gumu la kuzuia maji na upepo. Huyo ukimfungulia mlango atalala juu ya theluji, ajikunje, afunike pua kwa mkia, na theluji nyingine imwangukie mgongoni bila kuyeyuka. Kutoyeyuka huko ni dalili njema. Maana yake joto lake linabaki ndani. Usimvalishe sweta ya Krismasi. Unamtesa, na picha unazompiga hazimsaidii yeye.

Basenji ni habari nyingine. Huyu ni wa kwetu, mbwa wa wawindaji wa misitu ya Kongo, asiyebweka, ndiyo sababu wawindaji walimfunga kengele shingoni wapate kujua alipo. Mwaka 1937 alionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts huko Uingereza, na leo anafugwa hata Marekani. Manyoya yake ni mafupi, mwili hauna mafuta ya akiba, na mvua tu anaichukia. Kumtoa Januari bila sweta ni kumwonea. Sweta yake ifunike kifua na tumbo, maana tumboni ndiko manyoya yaliko haba na ndiko theluji inakogusa. Hesabu iwe hiyohiyo kwa chihuahua, kwa greyhound, kwa mbwa mzee mwenye baridi yabisi na kwa mtoto wa mbwa.

Dachshund naye ana shida yake ya pekee. Theluji ya sentimita ishirini kwako ni usumbufu. Kwake ni ukuta. Shika beleshi, umchimbie njia na kauwanja kadogo uani. Ndiyo, saa kumi na moja alfajiri utakuwa umesimama gizani unamchimbia mbwa choo. Ifanye kazi hiyo kwa heshima. Amesimama nyuma yako anangoja, na hana mwingine wa kumtegemea.

Sasa kuvaa. Kanuni ni moja: uwe umevaa kila kitu kabla hujaigusa kamba. Ukiitikisa mapema umekwisha. Atakurukia, atakuzunguka, atakalia kiatu kilekile unachokitafuta. Anza kimyakimya chumbani: fulana ya ndani inayobana, sweta, suruali mbili, soksi za sufu. Kisha koti refu la kufunika makalio, skafu, mzula wa kushuka mpaka masikioni, glavu. Viatu viwe na soli ya kushika barafu. Kuna vyuma vidogo vya kufunga chini ya kiatu, bei yake si kubwa, nunua. Mifuko ya kuokotea kinyesi ifungue midomo ungali ndani, kwa sababu nje, ukiwa na glavu, plastiki ile haifunguki, na ukizivua vidole vinakufa ganzi kabla hujamaliza. Beba tochi ya kichwani. Beba vipande vya nyama iliyokaushwa, vikae mfuko wa ndani karibu na mwili visigande. Halafu ndipo uende kwenye kamba, ukijua fika kwamba mbwa alishaelewa tangu ulipovaa soksi.

Kamba iunganishwe na mikanda ya kifuani, si mkanda wa shingo peke yake. Mbwa akiona kindi atavuta, na juu ya barafu ninyi nyote wawili hamna breki. Afadhali nguvu ile iende kifuani kuliko kooni. Usijizungushie kamba mkononi. Piga hatua fupi, uzito uwe juu ya mguu wa mbele. Waliosema mwenda pole hajikwai hawakuwahi kukanyaga barabara ya Minneapolis baada ya mvua ya barafu, lakini waliisema barabara hiyo sawasawa.

Viatu vya mbwa vinahitaji mazoezi ya sebuleni. Popi wetu ni mchanganyiko wa labrador na kitu ambacho hata daktari wa mifugo hakukitambua. Alipovishwa mara ya kwanza aliinua mguu mmoja, akauangalia, akaushusha. Akainua wa pili. Akavuka sebule akipandisha kila mguu mpaka kifuani, kisha akakaa katikati ya zulia na kukataa kuendelea. Dawa yake ni kumvisha dakika chache, kumpa nyama, kumvua, na kurudia kesho, mpaka viatu na nyama viwe kitu kimoja akilini mwake. Kiatu kikae imara lakini kidole chako kipite. Kikibana, damu haifiki kwenye wayo na ule mtambo wa Ninomiya unakuwa bure. Akivikataa katakata, mpake nyayo mafuta ya mgando au nta ya miguu ya mbwa kabla ya kutoka.

Nilipokuwa namfundisha, mama mdogo alipiga simu ya video kutoka Morogoro.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hicho unachomvisha mbwa ni viatu?"

"Ni viatu, mama."

"Haya. Na yeye anakulipa?"

Nikamwambia ananilipa. Kabla ya Popi nilikuwa namjua jirani mmoja tu mtaani, tena kwa sababu barua zake huletwa kwetu kwa makosa. Sasa nawajua wote, na wanajua hali yangu kabla sijaisema.

Usidhani viatu hivyo ni urembo wa mbwa wa mjini. Kwenye Iditarod, mbio za sleji za Alaska zenye urefu wa karibu kilomita 1,600 hadi mji wa Nome, kanuni zinamlazimu kila dereva kuwa na viatu visivyopungua vinane kwa kila mbwa. Hao ni mbwa waliozaliwa kwenye theluji na kufunzwa juu yake. Ikiwa wao wanatembea na jozi za akiba, wa kwako hajadeka.

Mjini, adui wa miguu ni chumvi kuliko baridi. Inamwagwa njiani ili barafu iyeyuke, na mara nyingi imechanganywa na kloridi ya kalsiamu, ambayo hutoa joto inapokutana na maji na kuchoma ngozi iliyopasuka. Mbwa akihisi muwasho anajilamba, na akijilamba anaimeza, kisha anatapika. Mpitishe juu ya theluji safi kando ya njia kila inapowezekana. Ukinunua ya kumwaga mbele ya nyumba yako, tafuta ile iliyoandikwa kwamba haidhuru wanyama, au mwaga mchanga.

Halafu kuna madonge ya barafu. Theluji laini ikiingia kati ya vidole inayeyuka kidogo kwa joto la mguu, inaganda tena, inashikana na manyoya, mwishowe mbwa anakanyaga kokoto alizozitengeneza mwenyewe. Dalili yake ni hii: anatembea vizuri, ghafla anasimama, anainua mguu mmoja wa mbele, anakutazama. Halii. Anangoja tu. Piga goti hapohapo, vua glavu moja, ushike ule mguu ndani ya kiganja. Utalihisi donge, gumu, limejificha pale manyoya yanapokutana na ngozi nyeusi ya wayo. Usilivute, litatoka na manyoya. Libane kwa vidole mpaka maji yaanze kuchuruzika, lipulizie pumzi ya moto, lipasuke, kisha litoe kipande kimoja kimoja. Popi huwa ananilamba sikio nikiwa katika kazi hiyo, na ulimi wake kwenye baridi ile una moto wa ajabu. Mrudishie mguu wake chini, naye atakuwa ameondoka kabla hujanyanyuka. Ukifika nyumbani, punguza manyoya ya kati ya vidole yalingane na wayo, na kazi hiyo itakuwa nusu.

Njiani usihesabu kilomita. Mtembeaji mgeni anataka kufika mahali. Mbwa hana mahali anapokwenda, ana mambo anayoyachunguza. Chini ya theluji, pale inapokutana na ardhi, kuna nafasi ndogo ambamo panya wa porini hupitisha majira yote ya baridi, wakila mizizi na majani makavu, katika joto lisiloshuka sana chini ya sifuri hata hewa ya juu ikifika nyuzi ishirini chini yake. Wewe huoni kitu, unaona uwanja mweupe mtupu. Mbwa anasikia nyayo za panya. Anasimama, kichwa kimeinama upande, sikio moja juu. Kisha anaruka, miguu yote minne hewani, anazama pua mpaka machoni, anaibuka na uso mweupe, anapiga chafya, anasikiliza upya. Panya hakamatwi. Hilo halijawahi kumvunja moyo mbwa yeyote ninayemfahamu. Mpe muda, simama, chezesha vidole ndani ya glavu, umtazame vizuri.

Ikiwa mbwa wako anaitika akiitwa, mlipie kibali cha mji na umpeleke kwenye viwanja ambako kamba inafunguliwa. Kuna kimoja kando ya Lake of the Isles, na kingine Minnehaha, chini ukingoni mwa mto Mississippi. Huko hutaitwa kwa jina lako. Utakuwa Baba Popi au Mama Popi, desturi ambayo sisi hatuhitaji kufundishwa. Profesa na dereva wa lori watakaa wamesimama bega kwa bega wakijadili kuhara kwa mbwa wa mwenzao kwa dhati, na baridi itasahaulika.

Ila ziwa lenyewe usilikanyage kwa sababu tu mbwa ametangulia. Minnesota inahesabu maziwa 11,842, na barafu ya kila moja ina tabia yake. Idara ya Maliasili ya jimbo inashauri barafu mpya iliyo angavu iwe na unene wa inchi nne, yaani sentimita 10, kabla ya mtu kutembea juu yake. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nguvu nusu tu, kwa hiyo zidisha unene mara mbili. Karibu na madaraja na mahali maji yanapotembea huwa nyembamba hata Februari. Mbwa akitumbukia, moyo utakuambia umfuate. Usiusikilize. Lala kifudifudi mahali pagumu, mwite aogelee kurudi upande alikoingilia, piga simu 911. Mara nyingi mbwa hujivuta akatoka. Mtu mwenye koti na viatu vilivyojaa maji hana bahati hiyo.

Najua kuna anayesema kimoyomoyo: haya ni ya wenyewe, mimi mwili wangu ni wa jua. Newton Marshall ni Mjamaika. Alianzia kwao, akiendesha kigari cha magurudumu kinachovutwa na mbwa wa kuokotwa, juu ya udongo, kwenye joto. Kutoka hapo akaenda kaskazini kufunzwa, kwa Hans Gatt na kwa Lance Mackey, bingwa aliyeshinda Iditarod mara nne mfululizo. Mwaka 2009 akamaliza Yukon Quest, mbio nyingine za sleji, mwaka 2010 akamaliza Iditarod, Mjamaika wa kwanza kufanya hivyo. Mtu wa Karibi amevuka Alaska nyuma ya mkia wa mbwa. Wewe unatakiwa kuzunguka mtaa.

Na ukitaka kujua mbwa hawa ni watu gani, soma habari za Nome mwezi wa Januari 1925. Dondakoo liliingia mjini, watoto wakaanza kufa, na dawa ilikuwa mbali. Treni iliifikisha Nenana tu. Kilomita 1,085 zilizobaki zilikimbiwa na mbwa wapatao 150 na madereva 20 wakipokezana, kwa siku tano na nusu, katika baridi iliyopita nyuzi arobaini chini ya sifuri. Balto ndiye aliyeingia nayo mjini alfajiri ya Februari 2, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amesimamishiwa sanamu Central Park, New York. Lakini kipande kirefu na cha hatari kuliko vyote, kupitia barafu ya ghuba ya Norton Sound, kiliongozwa na Togo, mbwa wa Leonhard Seppala, aliyekuwa na umri wa miaka 12. Umri huo wengi wao hulala karibu na hita. Mimi nampa Togo heshima ya kwanza, na ningependa kila mtoto anayefuga mbwa alijue jina lake.

Kutoka kwa madereva hao chukua pia desturi hii: wakifika kituoni, mbwa kwanza. Wanawavua viatu, wanakagua nyayo moja moja, wanawapa maji yaliyotiwa supu ya nyama ili wanywe bila kubembelezwa, wanawatandikia nyasi kavu, ndipo dereva anapotafuta pa kukaa. Kwenye Iditarod mbwa mmoja anaweza kula kalori zipatazo 10,000 kwa siku. Wako hahitaji hata robo ya hizo, na usitumie baridi kuwa kisingizio cha kumnenepesha.

Furaha ya mbwa haina kiasi, kwa hiyo kiasi ni kazi yako. Anayetetemeka, anayebana mkia, anayeinua miguu kwa zamu, anayesimama na kugeukia nyumbani, amekwisha kusema. Rudini. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, akawa mzito, anayumba, hilo ni jambo la daktari mara moja. Ncha za masikio na mkia zikipauka au kuwa na rangi ya kijivu, baridi imezichoma. Usizisugue, zipashe polepole kwa maji ya vuguvugu, kisha umpeleke kwa daktari. Siku zile ambazo upepo unashusha baridi mpaka ngozi iliyo wazi inaungua kwa dakika chache, toka naye ajisaidie tu, kisha ficha vipande vya nyama chini ya vikombe sebuleni na umwache avitafute. Pua ikifanya kazi, mbwa anachoka hata bila kukimbia.

Karibu na magari, macho yawe chini. Maji ya rejeta ya nchi za baridi yanatiwa ethilini glikoli yasigande, nayo ina utamu. Mbwa akilamba kidogo tu kilichovuja, figo zake ziko hatarini. Mwanzoni ataonekana amelewa, baadaye atatulia, na utulivu huo unadanganya. Usingoje kesho. Kila saa inahesabika.

Mkiingia ndani, kabla ya chai yako, tayarisha beseni la maji ya vuguvugu. Mguu mmoja mmoja, osha chumvi, kausha kwa taulo mpaka kati ya vidole, kagua kama kuna mpasuko. Kwa anayechunga twahara kwa madhehebu ya Shafi, tuliyoyakuta pwani, majira haya yanataka mpango kuliko kiangazi, maana kinachohamisha najisi ya mbwa ni unyevu, na theluji ni unyevu mtupu: koti na glavu za matembezi ziwe mbali na nguo za sala, zitundikwe mlangoni, na beseni la mbwa lisichanganywe na vyombo vingine. Nyumba ninazozijua zinazofanya hivyo zina mbwa wenye furaha sawasawa na wengine.

Limebaki jambo moja ambalo Januari halisemwi na Aprili linajulikana mtaa mzima. Mbwa anajisaidia, theluji inaanguka, kila kitu kinakuwa cheupe, na mtu anajiambia kwamba yamekwisha. Hayajaisha. Yamehifadhiwa kwa mpangilio wa tarehe. Kugandishwa hakuui mayai yote ya minyoo, na jua la masika likiyeyusha theluji maji yake yanaingia kwenye mifereji ya barabarani na kwenda moja kwa moja ziwani, lilelile ambamo Julai watoto wako wataogelea. Okota leo, kingali kimeganda. Hakina harufu, hakishiki kwenye nyasi, na mifuko umeshaifungua midomo tangu ukiwa ndani.